Ukienda Vézelay, usikimbilie madhabahuni

Kama uko Ufaransa na unataka kuona kanisa moja tu lenye Romaneski na Gothiki pamoja, yaani mitindo miwili ya ujenzi wa makanisa ya Ulaya ya zamani, na hujasomea usanifu wala nini, nenda basilika ya Mtakatifu Maria Magdalena pale Vézelay, Burgundy. Mitindo miwili imejipanga mmoja mbele mwingine nyuma, unaona mwenyewe hata bila mwongoza watalii.

Ukitokea Paris treni inaanzia stesheni ya Bercy, unashuka Sermizelles halafu bado kama kilomita 10 hivi, kwa hiyo usafiri wa hapo katikati upange kabla hujaondoka. Kijiji kiko juu ya kilima, unapanda kwa mguu hadi mlangoni kwa kanisa, vaa viatu vya maana. Kuingia bure, ila watu wanasali mle, angalia ratiba ya misa na usianze kuzunguka na kamera ibada ikiendelea.

Sasa hapo nje wengi wanapoteza muda kupiga picha ule mchongo juu ya mlango mkubwa. Ule ni wa karne ya 19 bwana, uache. Ingia ukumbi wa kwanza, wenye giza kidogo, usimame mpaka macho yazoee, halafu tazama juu ya mlango wa katikati unaoingia kanisani. Yesu yuko pale mkubwa kuliko wote, miale inatoka mikononi inawashukia mitume, na pembeni wamepangwa watu wa mataifa yote kama walivyofikiriwa kwenye karne ya 12, wapo wenye vichwa vya mbwa, wapo wenye masikio makubwa ajabu, na kuna wafupi kabisa wanaopanda farasi kwa ngazi. Mimi hapa naweza kukaa hata nisiingie ndani.

Ukiingia, simama palepale mlangoni. Sehemu ndefu iliyo mbele yako ndiyo Romaneski, ilijengwa baada ya moto wa 1120, matao yake ni ya duara na mawe yanapishana, jeupe, jeusijeusi, jeupe, jeusijeusi. Kule mwisho panang'aa, hiyo ndiyo Gothiki, ya mwishoni mwa karne hiyohiyo, matao yamechongoka, nguzo nyembamba, madirisha makubwa. Tofauti siyo urembo tu. Dari la mawe la Romaneski ni zito na linasukuma kuta kwenda nje, ndo maana kuta zikawa nene na madirisha madogo, ila tao lililochongoka na mbavu za dari, yaani matao membamba ya mawe yanayobeba dari, zinakusanya uzito na kuushusha kwenye sehemu chache, kwa hiyo ukuta unabaki hauna kazi kubwa na unaweza kuutoboa uweke vioo. Na huhitaji kuniamini, inua kichwa uangalie kuta za sehemu ya Romaneski, zimeinama kwenda nje kabisa na yale matao ya dari yamebonyea. Halafu ukiwa katikati tazama mbele, utaona sehemu mpya haijanyooka sawasawa na ya zamani, imekwenda upande kidogo.

Vichwa vya nguzo navyo vimechongwa hadithi, viko vingi, usijilazimishe vyote. Tafuta kimoja upande wa kulia, nguzo ya nne, Musa anamimina nafaka kwenye kinu na Mtume Paulo anakinga unga, yaani Agano la Kale linasagwa linatoka Jipya. Beba darubini ndogo kama unayo maana viko juu.

Kuhusu muda, watu wanagombania tarehe 21 Juni, karibu saa nane mchana, jua linapita madirisha ya kusini na kutengeneza madoa ya mwanga kwenye sakafu, mstari mmoja katikati mpaka mbele. Nzuri kweli lakini panajaa, nenda siku chache kabla au baada, hali inakuwa karibu ileile.

Historia kwa kifupi, mtawa Bernard wa Clairvaux alihubiri hapo kuhamasisha watu waende Vita vya Pili vya Msalaba, 31 Machi 1146, tena nje kilimani kwa sababu umati ulizidi. Baadaye mahujaji wakapungua, maana 1279 watu wa Provence, kusini mwa Ufaransa, walisema mifupa halisi ya Magdalena iko kwao, siyo Vézelay. Kanisa likachoka mpaka likataka kuanguka, 1840 akapewa kulitengeneza msanifu Viollet-le-Duc, kijana wa miaka 26, na mawe mengi aliyabadilisha, kwa hiyo ukitaka kuona baadhi ya michongo ya asili ingia makumbusho ya jirani yenye jina lake.

Kabla ya kutoka shuka chumba cha chini ya madhabahu kwenye masalia, kisha zunguka kanisa kwa nje uangalie zile nguzo za matao zinazoegemea kuta, ndizo zinazozuia ule mwinamo ulioona ndani usiendelee.