Nani Ampishe Nani: Baiskeli za Umeme na za Kunyonga Kwenye Njia Moja ya Mlimani

Mbeya mjini iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Loleza, kinachouangalia mji, kina mita 2,656. Katika mita hizo 950 hewa inazidi kuwa nyepesi, na anayelipia ni mwenye mapafu. Mota haivuti pumzi. Ndiyo maana huku kwetu pengo kati ya baiskeli ya umeme na ya kunyonga ni kubwa kuliko pwani: kwenye mwinuko mkali anayenyonga kwa miguu tu huenda kilomita 5 hadi 8 kwa saa, na mwenye mota, kwa jasho hilohilo au pungufu, huenda 12 hadi 18. Wote wako kwenye njia ya mguu yenye upana wa hatua moja.

Kanuni inayobeba nyingine zote ni hii: anayepoteza kidogo kwa kusimama ndiye anayesimama. Ukikariri hilo tu, mengi ya hapa chini utayabuni mwenyewe ukiwa njiani.

Kwanza tuelewane tunazungumzia baiskeli gani. Ni ile ambayo mota inasaidia pale tu unaponyonga. Ulaya baiskeli ya umeme ya kawaida ina mota ya wati 250 na msaada hukatika ikifika kilomita 25 kwa saa. Marekani daraja la kwanza hukatika kwenye kilomita 32. Ile inayokwenda kwa kuzungusha kishikio cha mkono bila kunyonga, ukiipeleka kwenye njia za miguu, jihesabu kuwa mwendesha bodaboda na upishe kila mtu. Na kabla ya kuingia Hifadhi ya Taifa Kitulo, ambako wenyewe ni TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), au kwenye misitu iliyo chini ya TFS (wakala wa huduma za misitu) kama Mlima Rungwe na Sao Hill, uliza kwa jina kabisa kama baiskeli yenye mota inaruhusiwa. Kuambiwa "baiskeli ruksa" hakutoshi.

KUMPITA ANAYEPANDA

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Anayenyonga akisimama katikati ya mwinuko mkali, kuondoka tena ni kazi: tairi la nyuma linateleza, la mbele linainuka, na mara nyingi anaishia kusukuma hadi pale njia inapolainika. Wewe mwenye mota ukisimama, unashusha gia, unakanyaga mara moja, umeondoka. Kwa hiyo subira ni yako.

Ukimwona mtu mbele yako, ukiwa bado mita 30 nyuma, shusha msaada hadi ngazi ya chini kabisa. Usisubiri umkaribie ndipo ushushe, kwa sababu baadhi ya mota huendelea kusukuma kwa muda mfupi baada ya mguu kuacha kunyonga, na msukumo huo mdogo ukiwa mita moja nyuma ya tairi la mwenzio unatosha kuwaangusha wote wawili. Punguza hadi mwendo wenu uwe mmoja, na ubaki nyuma kwa urefu wa baiskeli tatu au nne. Piga kengele mara moja tu, kisha tumia mdomo: "Habari ya mlima? Niko nyuma yako, usiharakishe." Neno hilo la mwisho lina kazi yake. Mtu akisikia mlio wa mota mgongoni hujikuta anaongeza kasi bila kutaka, na pumzi inamwishia kabla ya pale pa kupishana.

Mahali pa kupishana anachagua aliye mbele. Akisema "pita", pita kulia, kama tulivyozoea barabarani, ukiacha nafasi ya mita moja ikiwezekana. Tumia msaada wa kati. Ile ngazi ya juu kabisa inalirusha tairi la nyuma, na kokoto zinamwendea aliye nyuma usoni. Kwenye udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe na Uporoto, wenye vijiwe vyepesi vinavyobiringika, utamwogesha vumbi. Ukiwa unapita mwambie mko wangapi: "Nyuma yangu wapo wawili," au "Ni mimi wa mwisho." Bila hivyo atarudi katikati ya njia na kukutana na mwenzio. Ukishampita endelea hadi mita 50 hivi. Kumpita mtu kisha kusimama mbele yake kupiga picha ya bonde ni utovu wa adabu, hata bonde liwe zuri namna gani.

Asiposema pita, hujaruhusiwa. Njia ikiwa nyembamba kwa mita 300 zijazo, nenda naye mita hizo 300. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa ni dakika tatu.

Na anayenyonga naye ana wajibu wake, tusimwonee mwenye mota peke yake. Ukisikia mtu nyuma, jibu. Ukikaa kimya hajui kama umemsikia. Mpe nafasi mahali pa kwanza panapofaa, si pa tano. Ukivaa vya masikioni, acha sikio moja wazi. Maneno ya "hiyo ni pikipiki, nenda barabarani" hayafupishi mlima. Mwingine anatumia mota kwa sababu ya goti, moyo au miaka, na huwezi kuyajua hayo kwa kuangalia mgongo wake.

KUTEREMKA MAMBO YANAGEUKA

Mteremkoni mota haina la kusaidia na uzito unabaki. Baiskeli ya umeme ya mlimani huwa na kilo 20 hadi 25, ya kunyonga 12 hadi 15. Kwenye kona kali na mawe, yule uliyempita kwa mbwembwe juu atakukuta chini, na sasa wewe ndiye kizuizi. Mpishe upesi, tena bila kuombwa. Uzito huo pia unarefusha umbali wa kusimama na kula vitambaa vya breki haraka, kwa hiyo usimfuate mwenye baiskeli nyepesi kwa karibu kama wanavyofuatana wenye baiskeli nyepesi wenyewe.

Mkikutana uso kwa uso, desturi ya waendesha baiskeli wa mlimani karibu kote duniani ni kwamba anayeteremka humpisha anayepanda. Wapo wanaosema anayepanda kwa mota asamehe haki hiyo, maana kuondoka tena si shida kwake. Hoja ina mashiko, lakini ukiwa unateremka huwezi kutambua kwa mbali kama anayekuja ana mota au hana. Kwa hiyo anayeteremka ajiandae kusimama siku zote. Anayepanda kwa umeme, akiona mwenzake yuko pabaya, kwenye mawe au ukingo uliomomonyoka, asimame yeye na amwite: "Shuka tu, nakusubiri."

Kona zisizoonekana mbele zinahitaji hesabu kidogo. Unateremka kwa kilomita 25 kwa saa, mwenye mota anapanda kwa 15. Mnakaribiana kwa kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kila sekunde. Kona inayokuonyesha mita 20 tu inawapa sekunde 1.8. Sekunde ya kwanza inaishia kwenye kushtuka, na zaidi ya nusu ya umbali imekwisha kabla kidole hakijabana breki. Anayepanda kwa kunyonga tu, kwa kilomita 6, angewapa sekunde 2.3, na yeye angesimama palepale. Ndiyo maana mpandaji wa umeme anapaswa kupunguza mwendo na kupiga kengele kabla ya kona hata kama anapanda, jambo ambalo mwenye baiskeli ya kawaida hahitaji kuliwaza.

WENYE NJIA

Njia nyingi tunazoziita za baiskeli hazikuchimbwa kwa ajili yetu. Zinapitisha viazi kutoka Uporoto, ndizi za Rungwe, kuni, mbao, watoto wa shule na ng'ombe. Kwa hao, mwenye mota na asiye na mota ni kitu kimoja, na wote wawili wanapisha.

Wa kuogopwa zaidi ni anayeteremka na lumbesa ya viazi kwenye keria ya baiskeli ya Phoenix. Breki zake mara nyingi ni za vyuma vilivyochoka, na msaidizi wa breki ni kandambili inayogandamizwa kwenye tairi. Huyo kanuni ya kumpisha anayepanda haimhusu, kwa sababu hata akitaka hawezi kusimama. Ukimsikia, ondoka njiani mzima mzima, wewe na baiskeli yako, na usimame upande wa juu wa mlima. Mzigo ukimshinda utaelekea upande wa bonde, na hapo hupaswi kuwapo.

Kwa punda na ng'ombe ni kinyume. Mnyama akishtuka hupenda kukimbilia juu, basi simama upande wa chini kama pana mahali pa kukanyaga. Pakiwa na korongo, rudi nyuma hadi penye nafasi. Zima mota kabisa. Si mlio pekee: ukiwa umesimama na mguu mmoja umeegemea pedeli, kihisi kinaudhania uzito wa mguu kuwa ni kunyonga, na baiskeli inaruka mbele nusu mita. Ukiwa umesimama kando ya punda mwenye mzigo, nusu mita hiyo ni nyingi. Zoea kuondoa mguu kwenye pedeli kila unaposimama, hata pasipo na mnyama.

Na salimia. Kwa mzee ni shikamoo, ukiwa umesimama au umepunguza, si ya kurushwa kama jiwe. Rungwe "ugonile" inafungua njia kuliko kengele, na Iringa hadi Njombe "kamwene" inafanya kazi hiyohiyo. Anayepanda na mzigo mwambie pole. Kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Tukuyu, wachumaji wakiwa kazini, shuka usukume. Njia zile ni za shamba, na ruhusa huombwa kwa wenye shamba kabla, si kwa mlinzi baada ya kukamatwa.

MKIWA KUNDI LA MCHANGANYIKO

Kosa la kawaida si kasi, ni namna ya kusubiri. Wenye umeme wanafika juu, wanakaa dakika 15, wanakunywa chai ya chupa, na yule wa mwisho anapofika akihema wanasimama: "Haya, twende." Aliyechoka zaidi ndiye amepumzika sifuri. Mapumziko yahesabiwe tangu wa mwisho alipofika, dakika tano kamili kwa uchache. Na msisubiriane kileleni tu. Kila njia panda mtu mmoja abaki mpaka wa mwisho apite, maana kwenye misitu ya Sao Hill barabara za mashamba ya misonobari zinafanana kama mapacha, na malori ya magogo yanapita humohumo.

Mwenye mota abebe vya wote: pampu, tyubu mbili za ukubwa wa matairi yaliyopo, viraka na solusheni, kiungo cha mnyororo, lita moja ya maji ya ziada. Kwake mzigo huo hausikiki.

Halafu betri. Kuinua mtu wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 25 kwa mita 950 kunahitaji nishati ya kama Wh (wati-saa) 245 bila kuhesabu hasara yoyote. Ukipanda kwa msaada wa juu, mota ikibeba sehemu kubwa, zaidi ya nusu ya betri ya Wh 500 inaondoka. Kwa msaada wa chini ni robo hivi. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Kitulo inapunguza tena uwezo wake. Betri ikiisha una kilo 25 za chuma, na wenzako wasio na mota ndio watakaokungoja jioni ikiingia. Panga kufika nusu ya safari ukiwa bado na asilimia 60, na uichaji usiku wa kuamkia safari, si asubuhi. Umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri kundi zima linakusubiri wewe.

MVUA

Kati ya Novemba na Mei pima udongo kabla ya kulaumiana. Udongo mwekundu wa Mufindi na Iringa ukilowa hunata hadi gurudumu linakwama kwenye fremu. Tairi likizama sentimita mbili au tatu na alama ikabaki, geuzeni, wote. Anayenyonga huwa anashindwa mapema na kurudi. Mwenye mota hashindwi, na hilo ndilo tatizo. Gurudumu linaendelea kuzunguka palepale na kuchimba mfereji, mvua ya jioni inaufuata, na baada ya wiki mbili mama mwenye mzigo wa kuni kichwani hana pa kukanyaga. Likianza kuteleza, acha kunyonga, shuka, bonyeza kitufe cha msaada wa kusukuma na utembee nayo taratibu.

Dimbwi lipite katikati au shuka. Ukilizungukia unaihamishia njia kwenye tuta la viazi la mtu. Na kama mfereji umeshauchimba, usiondoke kwanza: jaza mawe na udongo, kanyagia kwa kisigino, kisha kwa ncha ya jiwe chora kijito kidogo cha mshazari juu yake ili maji yatoke kando ya njia kabla hayajafika pale ulipojaza.