Kutoka Mshororo wa Kwanza hadi Diwani

Anayetaka kuishi na ushairi asiungoje uje umkute mezani, kwa kuwa mshororo wa kwanza hupenda kuzuka mikono ikiwa na kazi nyingine. Mshairi Wallace Stevens, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya bima mjini Hartford, Marekani, alizoea kutunga akienda kazini kwa miguu. Ajira basi si adui wa utunzi, na washairi wachache mno hulishwa na mashairi peke yake. Beba daftari dogo, uandike maneno hayo papo hapo hata yakiwa matatu, maana kumbukumbu hubakiza wazo na kupoteza mdundo.

Ukiketi jioni, anza kupima. Tuseme ulinasa mshororo huu: "Barua uliyoandika, bado ninaihifadhi." Hesabu kwa vidole, nawe utaona kwamba utao, yaani kipande cha pili, una mizani (silabi) 8, lakini ukwapi, kile cha kwanza, una 9. Inkisari, yaani kufupisha neno, inatosha kuutengeneza: "Barua uloandika, bado ninaihifadhi," na mizani 16 imetimia. Shida huanza katika mshororo wa pili, kwa sababu vina, yaani silabi za mwisho za kila kipande, "ka" na "dhi", vimekwisha kukubana. Mwenye haraka ataandika: "Moyo wangu kwa hakika, hauishi kuniudhi." Mizani ni sawa na vina ni sawa, ila "kwa hakika" imeitwa kuziba pengo tu, na barua yenyewe imetoweka. Irudie ile karatasi, uitazame: "Kingo zimeshachanika, haijapoteza hadhi." Hapo msomaji anaona kitu. Kina kikikataa kabisa kuleta maana, afadhali uuvunje mshororo wa kwanza na kuutunga upya kuliko kuboronga sarufi katika wa pili kwa kisingizio cha uhuru wa mshairi.

Anayeandika mashairi huru hakuikwepa kazi hii. Mtunzi wa arudhi, anayefuata kanuni za mizani na vina, huonywa na mizani akikosea, ilhali yule wa mashairi huru hana wa kumwonya isipokuwa sikio lake mwenyewe, ndiyo maana mimi huona njia yake kuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Liache shairi wiki mbili au tatu, kisha lisome kwa sauti. Mpe na mtu mwingine akusomee, nawe utie alama kila mahali anapojikwaa.

Usikimbilie diwani, yaani kitabu cha mashairi yako. Peleka kwanza mashairi machache kwenye jarida au gazeti ambalo wewe mwenyewe hulisoma, ukifuata masharti yake ya urefu na idadi, na uweke orodha ya shairi lipi limekwenda wapi na tarehe gani, ili likikubaliwa mahali pamoja uwaarifu wengine mara moja. Yatakayorudi, yapitie tena kabla ya kuyatuma kwingine.

Mashairi yakitosha kitabu na mchapishaji akakubali, soma mkataba polepole. Mrabaha, yaani malipo ya mtunzi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 ya bei ya dukani ni mkubwa kuliko asilimia 10 ya fedha zinazomfikia mchapishaji baada ya wauzaji kupewa punguzo lao, ingawa tarakimu ni ile ile. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika: katika nchi wanachama wa Mkataba wa Berne wa 1886, kazi hulindwa bila kusajiliwa, na kwa kawaida ulinzi huo huendelea kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hiyo mpe mchapishaji ruhusa ya kuchapisha badala ya kumwachia hakimiliki nzima, na kiwepo kifungu kinachokurudishia haki hizo kitabu kikiacha kuuzwa. Tena, kwa kuwa shairi lenye mizani huimbika, hakikisha mkataba unataja wazi ni nani mwenye haki ya kulirekodi kwa sauti, kabla hujatia sahihi.