Kabla ya Kupinga Kunyimwa Viza ya Kazi ya Uingereza: Mambo ya Kuzingatia

Barua ya kunyimwa viza inapoingia kwenye baruapepe, wengi huanza kwa kumpigia simu wakala na kumuuliza rufaa inakatwaje. Kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, ile inayomtegemea mwajiri mwenye leseni ya udhamini, rufaa mbele ya hakimu haipo. Sheria ya Uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 2014 iliiondoa haki hiyo katika maombi ya kazi, ikaibakiza kwa mambo machache kama madai ya ukimbizi na haki za binadamu. Kilichobaki ni mapitio ya kiutawala, ambapo ofisa mwingine wa Wizara ya Mambo ya Ndani hulifungua jalada lilelile na kuangalia kama mwenzake alikosea. Hapo hakuna kusimama na kujieleza, wala huruma kwa mtu aliyekwisha kuaga kazini na kuuza vyombo vya nyumba. Mpitiaji husoma karatasi zilizokuwa mezani siku ya uamuzi, basi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada yoyote, mwombaji aketi na barua hiyo mkono mmoja na nakala ya maombi yake mkono wa pili, apitie sababu moja baada ya nyingine akijiuliza: je, ofisa alikuwa na hati hii akaisoma vibaya, au mimi ndiye sikuiambatisha? Mapitio huokoa wa kundi la kwanza tu. Wa kundi la pili hupoteza muda, na muda, kama itakavyoonekana, ni mali kuliko paundi 80 za ada.

Suala la fedha za kujikimu linaionyesha tofauti hiyo vizuri. Kanuni inataka mwombaji awe na angalau paundi 1,270 kwa siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho kati ya hizo isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Sasa chukua mtu ambaye akiba yake iko katika akaunti ya shilingi. Siku ya 17 anatoa laki mbili kulipia ada ya shule ya mtoto, na kesho yake anazirudisha. Taarifa ya benki inaanza na salio zuri na kuishia na salio zuri, lakini katikati kuna mstari mmoja ulioshuka chini ya kiwango, na ofisa akiuona mstari huo akakataa, hakukosea. Mwenye akaunti ya shilingi akumbuke pia kwamba salio hupimwa kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ya maombi kinachotolewa na OANDA, tovuti ya viwango vya fedha, si kwa kile kilichobandikwa dirishani mwa duka la kubadilishia fedha siku alipoweka akiba. Kwa upande mwingine, mwajiri mwenye daraja kamili la leseni anaweza kuthibitisha ndani ya cheti cha udhamini, yaani kile ambacho mwajiri humtolea mfanyakazi ili aombe viza, kwamba atamhudumia mfanyakazi wake hadi mwisho wa mwezi wa kwanza. Kama alithibitisha hivyo na bado mwombaji akakataliwa kwa kukosa taarifa ya benki, hilo ni kosa la ofisa, na hoja yake inatosha kuandikwa kwa sentensi mbili.

Kiingereza nacho hupimwa kwa namna hiyohiyo. Mtu aliyefanya mtihani wa IELTS wa kawaida badala ya ule uliotengwa kwa ajili ya viza za Uingereza hana la kupinga, hata kama alama zake ni za juu sana, lakini muuguzi ambaye Kiingereza chake kilikwisha kupimwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza hapaswi kuombwa cheti kingine, na akikataliwa kwa kukosa hicho cheti kingine ana hoja. Hati ya tabia njema ya polisi, ambayo kwa kazi za afya, elimu na ustawi wa jamii hutakiwa kutoka kila nchi aliyoishi mtu mzima kwa miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, mara nyingi huwaangusha waliowahi kufanya kazi Ghuba na kudhani ya nyumbani inatosha. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu hudumu miezi 6 tu. Na barua ya mwajiri wa zamani iliyoandikwa kwa Kiswahili bila tafsiri yenye tarehe, jina kamili, sahihi na mawasiliano ya mfasiri huhesabiwa kana kwamba haikuletwa.

Usitarajie kuziba mapengo hayo kwa hati mpya, maana hati mpya kwa kawaida hazipokelewi katika mapitio. Lipo jambo moja kubwa linaloruhusu ushahidi mpya, nalo ndilo zito kuliko yote: pale barua inaposema kwamba hati ilikuwa ya kughushi au kwamba mwombaji alidanganya. Tuhuma ya udanganyifu ikiachwa bila kupingwa inaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10, kwa hiyo hata aliyekwisha kukata tamaa na kazi yenyewe anapaswa kuijibu, akiwa na barua kutoka chuo, benki au baraza la mitihani inayothibitisha kwamba hati ni yake na ni halali.

Muda wa kuomba mapitio ni siku 28 tangu kupokea uamuzi kwa aliye nje ya Uingereza, na siku 14 kwa aliye ndani. Aliye ndani asisafiri nje wakati anasubiri, kwa sababu akiondoka nchini ombi lake huhesabiwa kuwa limeondolewa. Lakini kabla hata ya kuhesabu siku hizo, ongea na mwajiri, na hapa ndipo maombi mengi yanapoharibikia, kwa sababu watu huona haya kumwambia bosi ambaye hawajawahi kumwona kwamba mambo yamekwama. Cheti cha udhamini hutumika kwa ombi moja tu. Mapitio yakifaulu, kilekile kinaendelea kutumika katika ombi lilelile, ilimradi mwajiri hajakifuta na leseni yake iko hai, ingawa tarehe ya kuanza kazi italazimika kusogezwa. Ukiomba upya, ni lazima atoe kingine. Muulize kwa maandishi mambo mawili: kama nafasi bado ipo, na kama yuko tayari kujibu maswali ya ofisa kuhusu kazi yenyewe, maana zipo barua za kukataa zinazodai kwamba kazi haikuwa ya kweli, na hilo mwombaji hawezi kulitetea peke yake.

Mapitio na ombi jipya haviendi pamoja, kwani ukituma ombi jipya mapitio yanafutwa. Ushauri wa kawaida ni kwamba penye kosa lako, rekebisha na uombe upya. Mimi ningeongeza tahadhari moja, ya tarehe. Ombi jipya hupimwa kwa kanuni za siku linapotumwa, na kanuni za Uingereza zimebadilika haraka: tarehe 22 Julai 2025 kiwango cha jumla cha mshahara kilipanda hadi paundi 41,700 kwa mwaka, kazi nyingi zisizofikia ngazi ya shahada zikaondolewa, na njia ya wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani ikafungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Tangu tarehe 8 Januari 2026, Kiingereza kinachotakiwa kwa waombaji wapya kimepanda kutoka B1, yaani ngazi ya kati, hadi B2, ngazi ya kati ya juu. Mhudumu aliyeomba kabla ya Julai ile akanyimwa hana mlango wa kuomba upya. Kilichobaki kwake ni mapitio ya ombi la zamani. Na yeyote atakayeomba upya aeleze kwenye fomu kwamba aliwahi kunyimwa, kwa sababu kuficha hilo ndiko udanganyifu.

Mapitio huombwa mara moja tu, isipokuwa jibu likija na sababu mpya za kukataa. Andika kwa ufupi, ukitaja kila mara hati gani ilikuwepo na ofisa alisema nini kuihusu. Ukitaka mshauri, hakikisha ama ni wakili, ama amesajiliwa na Mamlaka ya Ushauri wa Uhamiaji ya Uingereza, na ajihadhari yule aliyeuziwa cheti cha udhamini, kwa sababu cheti hicho hakiuzwi kihalali, na mapitio yanaweza kuifichua biashara hiyo badala ya kuiokoa.

Mwisho, angalia kadi iliyotumika kulipa. Ada ya viza hairudi, lakini tozo ya huduma za afya, paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa mtu mzima asiye kwenye viza ya wahudumu wa afya, hurudishwa baada ya kukataliwa, na hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Kwa viza ya miaka mitatu hizo ni paundi 3,105. Kama wakala ndiye aliyelipa kwa kadi yake, zitaingia kwake, kwa hiyo dai risiti na ahadi ya maandishi leo, wakati bado anapokea simu zako.