Kuandaa kituo cha kupoza umeme kiendeshwe kwa mkono mtandao ukivamiwa

Tarehe 23 Desemba 2015 wavamizi waliingia kwenye mifumo ya kampuni tatu za usambazaji umeme nchini Ukraine, wakazima breka (swichi kubwa zinazounganisha na kukata laini za umeme) wakiwa mbali, na wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni wakawasha kwa mkono. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na swichi na betri. Fayawoli, yaani kizuizi cha mawasiliano ya mtandao, itafuata.

Hatua ya 1: Swichi ya kituoni/mbali

Kila paneli ya breka ina swichi ya kuchagua amri itoke kituoni au mbali. Usiiamini kwa kuitazama tu. Fungua mchoro wa waya. Katika vituo vingine kontakti ya swichi hiyo imo ndani ya saketi ya koili ya kuwashia, kwa hiyo amri ya mbali inakatwa kwenye waya wenyewe. Katika vingine swichi inapeleka taarifa tu kwa RTU (kifaa cha kituoni kinachopokea amri za mbali), kisha programu ndiyo inayokataa amri. Aliyekwisha kuiteka RTU hazuiwi na programu hiyo.

Jaribu hivi: laini ikiwa imezimwa kwa kibali na aisoleta (swichi za kutenga breka na laini) za pande zote mbili ziko wazi, weka swichi upande wa kituoni, kisha mwombe mwendeshaji wa chumba cha udhibiti atume amri ya kuwasha. Breka isitikisike. Ikiwaka, amri zote za mbali, za kuwasha na za kuzima, zipitishwe kwenye kontakti ya swichi. Waya wa kuzimia unaotoka kwenye relei ya ulinzi (kifaa kinachogundua hitilafu na kuamuru breka izime) usiuguse: huo lazima ufanye kazi swichi ikiwa upande wowote. Kosa la kawaida ni kuupitisha nao kwenye swichi, na halionekani mpaka siku laini ipate hitilafu breka isizime.

Kifaa cha kuhakiki ulinganifu wa mawimbi ya umeme ya pande mbili za breka nacho kisirukwe eti kwa sababu ni dharura. Jaribio la Aurora la mwaka 2007 nchini Marekani lilionyesha jenereta ya dizeli ikiharibika kwa kuunganishwa na gridi nje ya ulinganifu.

Hatua ya 2: Betri

Bila umeme wa DC (mkondo mnyoofu, wa betri), relei hazioni na breka hazizimi. Chukua mfumo wa 110 V wenye seli 55 za risasi. Mzigo wa kudumu ukiwa 10 A na unataka saa 8, hiyo ni 80 Ah (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri). Gawanya kwa 0.8 kufidia uzee, unapata 100 Ah. Ongeza nafasi ya mota za kukazia springi za breka, chukua 120 Ah au zaidi. Angalia pia Ah za kwenye lebo ni za saa ngapi, maana za saa 20 hupungua ukizitoa kwa saa 8.

Mita kuonyesha 124 V (2.25 V kwa seli) si ushahidi wa uzima. Hiyo ni chaja inayosema, na seli mbovu imejificha nyuma yake. Unganisha benki ya betri za akiba, tenga betri, itoe mzigo mpaka jumla ishuke kwenye 99 V, huku ukipima kila seli. Uwezo ukiwa chini ya 80%, badilisha.

Chaja na UPS (kifaa kinachozipa kompyuta umeme wa akiba) zisiwe na njia ya kuamriwa kupitia mtandao. Kule Ukraine wavamizi walizima hata UPS.

Hatua ya 3: Mtandao

Sikiliza kwanza. Nakili mawasiliano kutoka kwenye swichi ya mtandao kwa siku 30, ili kazi za kila mwezi nazo zionekane. Usitumie programu za kuskani kwa kasi. Relei za zamani huweza kuganda. Kisha andika kanuni: kwa IEC 104 (lugha ya mawasiliano kati ya chumba cha udhibiti na RTU), seva za chumba cha udhibiti peke yake ziruhusiwe kufika RTU kwenye mlango wa mtandao TCP 2404. Mengine yote yakatazwe, yanayotoka yakiwemo. Modemu ya mtengenezaji iwekewe swichi ya umeme, iwashwe kwa ombi na kuzimwa kazi ikiisha.

Hatua ya 4: Akiba

Mipangilio ya kila relei na RTU iwe na nakala nje ya mtandao, pamoja na alama yake ya SHA-256 (msimbo unaobadilika faili ikiguswa), na nyingine kwenye karatasi. Weka pia kabatini kigeuzi cha siriali kwenda Ethaneti kilichokwisha kupangiliwa. Vigeuzi hivi ndivyo vilivyofutiwa programu yao ya ndani mwaka 2015, navyo havikutengenezeka tena.

Hatua ya 5: Transfoma na faiba

Aprili 2013 kituo cha Metcalf, California, kilipigwa risasi: nyaya za faiba (za mawasiliano) zilikatwa kwanza, kisha transfoma 17 zikaharibiwa, mafuta yakavuja. Radieta, inayopoza mafuta ya transfoma, ndiyo sehemu laini. Jenga ukuta usiopitisha risasi upande unaoonekana kutoka barabarani. Zungusha valvu za juu na chini za kila radieta wakati transfoma imezimwa. Zikiwa zimeshika kutu hutaweza kutenga radieta iliyotobolewa na kuokoa mafuta yaliyobaki. Ukitenga radieta, punguza mzigo. Faiba mbili zinazopita mtaro mmoja zihesabu kuwa moja, weka redio.

Hatua ya 6: Zoezi

Chomoa kebo ya kwenda nje, ambayo uipake rangi nyekundu mapema, uendeshe kituo kwa muda wa saa nne kwa redio na daftari. Kurudi kuna mpangilio wake: linganisha alama za SHA-256, badilisha nywila, ruhusu vipimo tu kwa saa 24, kisha rudisha amri za mbali breka moja moja.