SOMO: Kupunguza kilo nyingi ukiwa umevuka miaka 40, bila kupoteza nguvu zako

Shikamooni dada zangu wakubwa, na wadogo habari za leo. Nina miaka 51, naishi Dar es Salaam. Nilikuwa na kilo 103, sasa nina 74, na safari hiyo imechukua zaidi ya miaka miwili. Muda huo nautaja mwanzoni makusudi, maana kila anayenifuata huuliza nilikunywa nini na ni kwa wiki ngapi. Sikunywa kitu. Kaa chini tuelezane vizuri.

Kwa wengi wetu hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, lakini homoni huanza kuyumba miaka kadhaa kabla ya hapo. Estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na kwenye makalio huhamia tumboni. Wakati huohuo misuli inapungua; tangu miaka ya 30 mtu hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka 10 asipoifanyia kazi. Sasa mwanamke wa umri wetu akijifungia na matango na maji ya ndimu mwezi mzima, mzani utashuka kweli, ila sehemu ya kilicholiwa ni misuli yake. Akirudi kwenye chakula cha kawaida, kinachorudi haraka ni mafuta. Mara ya tatu ya mchezo huo anajikuta na uzito uleule, nguvu hana, na kitambi kimekuwa kikubwa kuliko mwanzo. Ndiyo maana somo langu lote linazunguka jambo moja: punguza mafuta, linda misuli.

Hatua ya 1: Anzia kwenye vipimo

Nenda kituo cha afya upime presha, sukari kabla hujala kitu asubuhi, na uzito. Presha ya 140/90 au zaidi ikijirudia, au sukari ya 7.0 mmol/L na kuendelea kabla ya kula, ni mambo ya daktari, usiyatibu kwa mazoezi peke yake. Kama unachoka kupita kiasi, unahisi baridi wakati wenzako wanajipepea, choo kigumu na nywele zinakatika, omba wakupime tezi ya thairoidi. Ikilala, yaani ikifanya kazi chini ya kiwango, uzito hupanda na mwili unakuwa mzito kwa kila kitu.

Taja dawa zote unazotumia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, insulini, glibenklamaidi (kidonge cha kisukari), prednisoloni, amitriptilini: zote hizi zinaweza kuongeza uzito. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Na wewe wa insulini au glibenklamaidi, ukipunguza chakula bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Hili nalikazia kwa sababu linaua.

Halafu chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno, juu kidogo ya kitovu, tumbo likiwa limelegea. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari ya kisukari na moyo huanza kupanda, na ikivuka 88 inapanda sana. Andika namba hiyo. Kuna miezi mzani utagoma na futi itaendelea kukupa habari njema. Ila usipimie madera, dera halisemi ukweli. Tafuta sketi moja ya mkanda mgumu iwe shahidi wako.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako. Mwenye kilo 100 aanze na kilo 5 mpaka 10. Hizo tu zinatosha kuanza kushusha presha na sukari. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kushuka kwa kasi kubwa mno kunaongeza hatari ya mawe kwenye kibofu cha nyongo, na sisi wanawake tuliovuka 40 tayari tuko kwenye kundi la wanaoyapata.

Hatua ya 2: Pima mafuta ya kupikia

Hapa ndipo penye kilo zetu. Wengi wanagombana na ugali wakati mchuzi unaelea.

Chukua chupa ya lita moja. Kama nyumba ya watu wanne inaimaliza kwa wiki, kila mtu anakula kama mililita 36 kwa siku, sawa na kalori 300 hivi, kabla hujahesabu hata punje moja ya wali. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Alizeti, mawese, mafuta ya mzeituni, yote kalori zake zinakaribiana, hata kama kwa moyo hayalingani.

Fanya hivi kesho. Mimina mafuta kwenye bakuli kama unavyomimina siku zote kwenye sufuria, kisha yachote kwa kijiko cha chakula ukihesabu. Kwa sufuria ya mchuzi utakuta vijiko saba, nane, wengine kumi. Weka vitatu tu. Kaanga kitunguu kwa moto mdogo, kikianza kushika chini weka maji kijiko kimoja badala ya kuongeza mafuta, funika. Kitaiva na kitakuwa laini. Ndipo weka nyanya, uziache zikauke kabisa mpaka zigeuke rangi. Ladha ya mchuzi inatoka kwenye nyanya iliyokauka vizuri, kitunguu saumu na tangawizi. Ukiweka nazi, basi mafuta usiweke tena. Tui zito ni mafuta tayari. Maharage ya nazi hayahitaji kukaangwa.

Chapati moja ya kusukuma inaweza kubeba kalori 250 mpaka 300. Siwakatazi chapati. Nasema kula moja, siku ya chapati, pamoja na maharage, siyo tatu na chai ya maziwa.

Hatua ya 3: Sahani ianze na protini

Nusu ya sahani iwe mboga za majani: mchicha, matembele, mlenda, kabichi, bamia. Robo iwe protini, robo iwe wanga. Ugali usizidi ngumi yako. Na dona, jamani, dona ina nyuzinyuzi na inashibisha vizuri kuliko sembe, lakini mlima wa dona bado ni mlima.

Protini ndiyo inayolinda misuli na kukaa tumboni muda mrefu. Kwa wengi wetu, lenga kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito unaoulenga; mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Huhitaji unga wa protini wa makopo. Dagaa wa bei ya chini kabisa sokoni ni protini kali, ilimradi usiwazamishe kwenye mafuta. Waoshe kwa maji ya moto, wakaushe kwenye kikaango kikavu mpaka waanze kulia, ndipo nyanya, pilipili hoho na limau. Choroko, kunde, samaki, kuku bila ngozi, mtindi usio na sukari, vyote vinafaa.

Kifungua kinywa ndipo tunapoharibu. Chai na maandazi mawili ni sukari, ngano na mafuta. Saa nne asubuhi njaa imerudi. Mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha vitakufikisha mchana.

Hatua ya 4: Vinywaji

Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vidogo tisa. Juisi ya kukamua nyumbani yenye sukari haiko mbali sana. Kula tunda, kunywa maji. Chai punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi utazoea.

Hatua ya 5: Misuli

Kutembea ni kuzuri, na Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo. Lakini shirika hilohilo linataka pia mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki, na hili wanawake wengi hatulisikii. Tunadhani vyuma ni vya vijana wa kiume.

Huhitaji jimu. Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani. Kaa, vuka mikono kifuani, inuka bila kujisukuma, kaa tena polepole ukihesabu mpaka tatu. Mara nane, pumzika, rudia mpaka mizunguko mitatu. Ikiwa nyepesi, kumbatia dumu la lita 3 la maji, baadaye la lita 5, ambalo ni kilo 5 kamili. Kisha sukuma ukuta kwa mikono, mwili ukiwa umenyooka. Kisha beba dumu kila mkono utembee uani mgongo wima. Siku mbili au tatu kwa wiki, siyo mfululizo. Kinachojenga misuli ni kuongeza uzito kidogokidogo. Ukibaki na dumu lilelile mwaka mzima, na mwili utabaki vilevile.

Mifupa nayo inafaidika. Baada ya hedhi kukoma mifupa hudhoofika haraka, na kupungua uzito bila mazoezi ya nguvu kunaongezea tatizo hilo.

Hatua ya 6: Usingizi

Ukilala vibaya, homoni ya njaa hupanda na kesho yake utatafuta vitumbua. Kama joto la usiku linakuamsha umelowa jasho, ongea na daktari, kuna tiba. Usivumilie miaka kana kwamba ni adhabu.

Hatua ya 7: Uzito ukigoma

Utagoma. Mwili mdogo unatumia nguvu kidogo kuliko ule mkubwa, kwa hiyo chakula kilichokupunguza ukiwa na kilo 100 kinaweza kukushikilia palepale ukiwa na 85. Rudi upime mafuta tena kwa kijiko, maana mkono huwa unaongeza bila wewe kujua. Ongeza dumu. Usikate mlo mzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (miaka 46, Morogoro): Shikamoo dada. Magoti yananiuma, hata kutembea nusu saa siwezi. Nitaanzaje?

Marahaba mdogo wangu. Anza na kiti kirefu, au weka mto juu ya kiti ili usishuke chini sana. Tembea dakika tano tano mara kadhaa kwa siku, kwenye tambarare, na viatu, siyo ndala. Jikoni ndiko kutakupunguzia kilo za kwanza. Na ujue kila kilo unayotoa inalipunguzia goti kama kilo nne za mzigo kwa kila hatua, hivyo ukishusha tano tu utaanza kusikia tofauti.

Swali (miaka 52, Tanga): Nafunga Ramadhani na sunna za Jumatatu na Alhamisi lakini sipungui. Wanasema kufunga kunayeyusha mafuta.

Dada, ibada iwe ibada. Kwa uzito, kufunga kunasaidia pale tu ambapo jumla ya ulichokula imepungua, na matokeo yake hayapishani sana na mtu aliyepunguza chakula kawaida. Angalia futari: tambi, kaimati, sambusa, uji wa sukari, halafu chakula cha usiku, halafu daku. Futuru kwa tende na maji, swali, kisha kula sahani moja yenye samaki au kunde na mboga. Vya kukaanga chagua kimoja. Daku weka mayai au maharage.

Swali (miaka 44, Mwanza): Nimepungua kilo 11 na mtaani wameanza kusema naumwa. Mume wangu naye anasema ananipenda mnene. Nimevunjika moyo kabisa.

Pole sana mpenzi. Hili limewarudisha wengi nyuma kuliko njaa. Wakikuuliza "umeisha, unaumwa nini?", jibu fupi: "Daktari alisema presha ipo juu, naishusha." Usijitetee zaidi ya hapo. Mumeo nenda naye kliniki siku moja, asikie mwenyewe namba zako kwa mtaalamu. Mwanamume anayeogopa kwamba mkewe anamalizika ni tofauti na anayekukatalia afya, na huyo wako mpe nafasi aonyeshe ni yupi. Mazoezi ya kiti na madumu yatakuachia umbo, makalio ni misuli pia. Ila kama kilo zimeondoka bila wewe kujitahidi, hapo nenda ukapimwe kweli.

Swali (miaka 49, Nairobi): Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwa simu vipi? Na zile sindano?

Chai nyingi za aina hiyo zina majani ya sanamaki, yaani dawa ya kuharisha. Unapoteza maji, siyo mafuta, na utumbo unazoea. Achana nazo.

Sindano ni jambo jingine, ni dawa halisi. Semaglutidi ilianza kwa wagonjwa wa kisukari kwa jina la Ozempic, na mwaka 2021 Marekani ikaidhinisha Wegovy kwa ajili ya uzito. Kwenye utafiti mkubwa wa dawa hiyo watu walipungua wastani wa asilimia 15 hivi kwa wiki 68. Lakini wanaoiacha, uzito mwingi huwarudia, na nayo hupunguza misuli, kwa hiyo dumu lako bado unalihitaji. Iandikwe na daktari, inunuliwe kwenye famasia iliyosajiliwa. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia, kwa hiyo ya kwenye simu usiiguse.

Swali (miaka 55, Dodoma): Mimi nilishakoma hedhi miaka mitatu. Tangu nianze mazoezi nimeona damu kidogo. Ni mwili unajisafisha?

Hapana, mama. Damu yoyote baada ya miezi 12 bila hedhi siyo ya kawaida, hata tone, na mazoezi hayaileti. Mara nyingi inakuwa kitu kidogo, lakini inaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi, na hatari yake ni kubwa zaidi kwetu tulio na uzito mkubwa. Nenda wiki hii, usisubiri itoke tena. Mwambie daktari wa wanawake ilianza lini na dawa unazotumia, na usikubali kurudishwa nyumbani bila kupimwa.