Mbwa anayejikuna bila kuacha: anzeni na tishu nyeupe
Jamani mwenye mbwa anayejikuna usiku kucha, kabla hujampaka kitu chochote angalia kwanza anajikuna wapi. Ikiwa ni kiunoni karibu na mkia mara nyingi ni viroboto, ikiwa ni kingo za masikio na viwiko na manyoya yananyonyoka hapo fikiria upele wa utitiri, vile vidudu vidogo sana vya ngozi, na huo hata nyie mnaweza kuupata.

Viroboto huwezi kuwaona kirahisi, kwa hiyo chana manyoya, dondosha ule uchafu kwenye tishu nyeupe yenye majimaji, vipunje vyeusi vikitoa rangi ya kutu basi hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako. Sasa hapo wengi wanatibu mbwa wanasahau banda, wakati mayai yanadondoka kwenye matandiko na kwenye nyufa, fua kwa maji ya moto kila wiki, fagia, tibu wanyama wote pamoja, ila dawa ya mbwa yenye permethrini usimpake paka, inaua.

Na kumpaka mbwa ile oili chafu ya gari naomba sana tuache, mbwa anailamba na ni sumu, ngozi nayo inaungua, anateseka tu.

Akiendelea mpeleke kwa daktari wa mifugo amkwangue ngozi aangalie kwenye hadubini, maana utitiri, fangasi na aleji kwa macho vinafanana lakini dawa zake mbalimbali kabisa.