Moto wa nyikani si moto wa mlimani: jiandae kabla vuli haijakatika

Wakulima wengi wanaoishi Nairobi wana shamba mahali pengine. Huyu ana ekari zake nyikani, Isinya au Kitengela; yule yuko mlimani, Kinangop, mwingine Naro Moru. Vuli inapokatika mwezi Desemba, wote husikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner, na wote huambulia jambo moja: jua linakuja, tafuta maji ya ng'ombe. Kuhusu moto, utabiri huo huo una maana mbili, na mkulima asiyezitofautisha hujikuta amejiandaa mwaka usiofaa.

Nyika huungua baada ya mvua nzuri. Mwaka wa ukame, mifugo na wanyamapori wa nyanda za Athi na Kapiti humaliza nyasi hadi udongo mweusi ukabaki wazi, na moto ukizuka hauna pa kwenda. Mvua ikinyesha vizuri nyasi hufika kiunoni, na ikifika Februari bonde zima lina rangi ya simba. Kumbuka vuli ya 2019 ilivyofurika, na masika ya 2020 yakafuata yakiwa mazito vilevile. Agosti 2020 Tsavo ikawaka.

Mlimani mambo ni kinyume. Kwenye miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya mimea ya kuungua ipo kila mwaka, na kinachoikinga ni unyevu wa mvua na ukungu. Mvua ikikosa misimu miwili mitatu mfululizo, hata vichaka na nyasi ngumu zilizo juu ya msitu wa mianzi hukauka hadi mizizini. Moto wa Nyandarua wa Februari 2022 ulizuka katikati ya ukame ule wa misimu mitano, uliodumu kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Kwa hivyo vuli ikiwa ya neema, mwenye shamba Isinya ndiye wa kutangulia kufyeka. Ikikosa, zamu ni ya aliyepakana na msitu.

Tena usipime hatari kwa joto. Nchi nyingine huogopa siku ya zaidi ya nyuzi 30, lakini Nairobi penyewe ni nadra kufika hapo hata Februari, na Kinangop ndiyo kabisa. Kule juu msitu huungua watu wakiwa wamevaa makoti. Cha kupima ni ukavu na upepo. Nenda shambani saa nane mchana, kwa sababu asubuhi umande hudanganya. Chuma konzi ya nyasi, ifinye na uisokote kiganjani. Ikipinda bila kukatika, bado una siku kadhaa za kufanya kazi. Ikivunjika vipande na kuacha unga mkononi, cheche moja ya jiko inatosha. Kuanzia siku hiyo, kati ya saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni, shambani pasiwashwe moto wa aina yoyote, hata wa chai ya vibarua.

Upepo nao una utaratibu wake. Januari hadi Machi ni kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki, basi upande huo wa boma ndio wa kusafisha kwanza na kwa upana zaidi. Katikati ya mwaka ni kusi, na upande hubadilika. Mlimani kuna la ziada: mchana hewa hupanda mteremko, usiku hushuka. Moto unaokimbilia kileleni saa saba unaweza kuteremkia mashamba baada ya giza kuingia, wakati watu wameshaenda kulala wakiamini umepita. Na mteremko wenyewe huuongezea mbio. Kila nyuzi 10 za mwinuko, kasi yake karibu huongezeka maradufu.

Ukanda wa kuzuia moto utengenezwe Desemba, nyasi zikiwa bado na ubichi. Ninasisitiza mwezi huu kwa sababu Februari watu hujaribu kuutengeneza kwa kuchoma, na hapo ndipo moto mwingi huanzia. Lima kwa trekta au jembe hadi udongo uonekane, upana usipungue mita 5, na upande wa kaskazi ufike 10. Ukanda uliofyekwa tu, nyasi zikaachwa zimelala pale pale, haujazuia chochote. Kama huna pesa za trekta, funga ng'ombe na mbuzi wale ukanda huo hadi chini kabla ya kuwapeleka kwingine. Kuzunguka nyumba na zizi, pogoa matawi ya chini ya misaiprasi hadi urefu wa mtu, zoa magome ya mikaratusi, na usafishe mifereji ya paa. Magome ya mkaratusi hubebwa na upepo yakiwa yanawaka na kutua mbali, ng'ambo ya ukanda wowote uliolima.

Majani makavu ya mifugo yanahitaji uangalifu wake peke yake, hasa Kajiado ambako boma rhodes, nyasi za malisho zinazokatwa na kukaushwa, imekuwa biashara. Robota, yaani mzigo wa majani uliobanwa, lililofungwa likiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hupata joto lenyewe kwa ndani, na ghala laweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Wiki za kwanza baada ya kupanga marobota, chomeka nondo katikati ya rundo, iache robo saa, kisha ichomoe na uishike. Ukiweza kuikamata bila shida, sawa. Ikiwa moto kiasi cha kukufanya uiachilie, joto la ndani limefika nyuzi 60 au zaidi: usilibomoe rundo peke yako, kwa kuwa hewa ikiingia ghafla linaweza kulipuka moto. Ita watu na maji yawe tayari kwanza. Na ghala lisijengwe ukuta mmoja na zizi. Nimeona wengi wakifanya hivyo ili kuokoa mabati, nami huwasihi wabomoe.

Mabua ya mahindi yasichomwe. Najua masika yanakaribia na shamba linatakiwa liwe safi, lakini mabua hayo ni chakula cha ng'ombe katika miezi yenye uhaba mkubwa, na yakibaki juu ya udongo huhifadhi unyevu. Ukiyachoma, naitrojeni inapotea hewani, halafu unakwenda kuinunua kwenye gunia la mbolea. Warina asali wanaotumia kienge cha moto wapewe bomba la moshi, na warine jioni kukiwa kumetulia, ndoo ya maji ikiwa chini ya mzinga. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto ndani ya msitu wa umma bila idhini.

Moto ukishazuka, piga 999 au 112, na umpigie jirani aliye upande unaoelekea kabla hujashika tawi la kuupigia. Vaa pamba; nailoni huyeyukia mwilini. Piga moto kutoka ubavuni ukitokea sehemu iliyokwisha kuungua, kamwe usisimame mbele yake, na mlimani usikimbie kupanda. Pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, ikioshwa vizuri na kujazwa maji, hufaa sana kwa kingo za moto wa nyasi. Mifugo ifunguliwe mapema na kupelekwa kwenye udongo uliolimwa au malisho yaliyoliwa hadi chini. Ukikuta geti limefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo yuko Nairobi, ng'ombe watafia hapo; mwachie mfanyakazi ufunguo wa pili msimu wote wa kiangazi.

Moto ukizimika, visiki na mizizi huendelea kufukuta chini kwa chini. Mwaga maji, koroga na udongo, gusa kwa mgongo wa kiganja, na urudie kesho yake na kesho kutwa. Kagua ng'ombe chuchu na mahali kwato zinapoungana na ngozi, kwani majeraha ya hapo huonekana baada ya siku moja au mbili, na ng'ombe anayekohoa apelekewe daktari wa mifugo. Nyasi changa zitakazochipuka zitawavuta sana. Wazuie hadi mvua inyeshe na majani yafike kimo cha kiganja, la sivyo watang'oa mashina na mwaka ujao eneo hilo litaota magugu.